Miisho Minne ya Kengele ya Stesheni

Mmenitumia watu mara tatu. Mara ya kwanza nikasema sijui kuandika. Mara ya pili nikasema mgongo unaniuma. Mara ya tatu mkaniletea daftari jipya na kalamu mbili, utadhani nilichokosa ni kalamu. Mimi herufi nimezijua ukubwani, na kila neno hapa nimelitolea jasho, kwa hiyo asije mtu akanirekebisha. Mnataka habari za Mama Gundi. Alipokuwa hai, chini kule alikokaa, hakuna hata mmoja wenu, nyinyi wasomaji wa maktaba, aliyeshuka kumjulia hali. Haya. Nitasema, na atakayeona ndefu amlaumu aliyenituma.

Maktaba yetu ilikuwa na ghorofa mbili na chumba kimoja chini ya ngazi. Ghorofa ya chini ilikuwa ya watoto, ya juu ya watu wazima. Chumba cha chini ya ngazi kilikuwa nusu kimezama ardhini, na dirisha lake jembamba lilikuwa usawa wa barabara, hivyo aliyekaa mle hakuona watu, aliona viatu. Humo alifanya kazi mtengeneza vitabu kwa miaka ishirini na minane. Jina lake alikuwa nalo, lakini wote tulimwita Mama Gundi, kwa sababu ukimpa mkono, wako ulikawia kutoka. Mimi nilikuwa nafagia na kupika chai mle ndani. Haya ninayoyasema mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, tena kwa kunyimanyima.

Vitabu vilivyochanika viliteremshwa kwake kwa kapu. Alifumua uzi, akapanga kurasa, akaziba palipochanika kwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, akashona upya, akapaka gundi mgongoni, akavibana kwenye kibano cha mbao. Kesho yake vilipanda juu vimesimama wima kama askari. Alikuwa na sindano tatu, brashi moja, na kisu kisichoguswa na mtu. Mkuu wa maktaba mwenyewe aliwahi kukichukua afungulie bahasha. Mama Gundi akamwambia, "Baba, hicho si cha kufungulia barua." Mkuu akakirudisha polepole, kama mtu aliyeshika nyoka.

Sasa sikilizeni namna yake ya kazi, maana ndiyo iliyomponza. Alikuwa hasomi vitabu. Alisoma kurasa zilizoharibika tu. Ukurasa ukichanika lazima uusome ujue unaungana wapi na mwenzake, lakini ukurasa mzima wa nini? Basi kwa miaka ishirini na sita ya mwanzo alishika maelfu ya vitabu na hakumaliza hata kimoja. Ukimuuliza kitabu fulani kinasema nini, angekujibu, "Ukurasa wa tisini kuna mtu anaanguka kisimani. Alifikaje pale sijui, ila alianguka."

Vilivyoshuka mno kwenye kapu vilikuwa vya Binti Kachero. Vilikuwa thelathini na viwili, vimepewa namba mgongoni, vyote vya msichana mmoja wa miaka kumi na mitano, mwenye baiskeli na tochi na shangazi mwenye wasiwasi, anayefumbua mambo yaliyowashinda polisi. Watoto waliviazima mpaka vikawa matambara. Mama Gundi alivijua vyote, kwa mtindo wake. Watoto hawachani popote tu. Wanachana pale wanapoogopa, vidole vimelowa jasho, wanafunua kwa pupa. Kwa hiyo Binti Kachero aliyemjua yeye alikuwa siku zote gizani, mlango umejifunga nyuma yake, nyayo zinakuja. Hakuwahi kumwona anakunywa chai.

Saa kumi na moja alifunga chumba akaenda kwake, chumba kimoja na nusu. Ile nusu aliiita sebule. Mumewe alikuwa amefariki kitambo, na mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, akipiga simu siku aliyokumbuka. Ndani mlikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia, kingine aliwekea mkoba. Redio aliiwasha akiwa anakula, si kwa kuisikiliza, ni ili asijisikie anavyotafuna. Mimi nilimwambia mara kadhaa, "Dada, Jumapili njoo kwangu." Alinijibu, "Nitaona." Kuona kwake hakukufika Jumapili hata moja. Nami nikaacha kumwambia. Hilo nalibeba mwenyewe.

Basi siku moja kwenye kapu kukaja namba kumi na saba, Kengele ya Stesheni. Hadithi yake ni ya kengele ya shaba inayoibwa kwenye stesheni ndogo ya treni, na kila mtu wa pale anashukiwa. Kilikuja hakina mwisho. Kurasa nane za nyuma zilikuwa zimenyofolewa zote, na aliyezinyofoa hajajulikana hadi leo. Sheria ya maktaba ilikuwa wazi: kitabu kisicho na mwisho kinapigwa muhuri wa kufutwa, kinatiwa kwenye gunia la karatasi chakavu. Mama Gundi akaushika muhuri, halafu akauweka chini. Wiki mbili nyuma alikuwa amekitia kitabu kilekile mgongo mpya.

"Sitoi mgongo wangu mpya uende guniani kwa ajili ya kurasa nane," aliniambia.

Akamsukuma Mkuu aandike barua kwa maktaba nyingine waulizwe kama wanacho. Majibu yakaja, hakuna aliye nacho. Hapo ndipo Mama Gundi alipoamua kuuandika mwisho yeye mwenyewe. Alikata karatasi tupu kutoka vitabu vya zamani ili rangi ifanane, akachora mistari kwa ncha ya sindano, akaandika herufi moja moja kama anadarizi. Mwizi hakumpa shida hata kidogo. Alikuwa mlinzi wa stesheni. Kurasa zote alizowahi kuziba katika kitabu hicho zilikuwa za mlinzi: taa yake dirishani, viatu vyake mlangoni, kivuli chake ukutani.

"Mtu aliyechaniwa karatasi na watoto wote hao hawezi kuwa mwema," alisema.

Akashona, akabana, akapeleka juu. Mkuu akamuuliza, "Kwani mwisho umepatikana?"

"Kitabu kimekamilika, baba."

"Umeutoa wapi?"

"Mimi kazi yangu kutengeneza."

Mkuu alikuwa mtu wa amani. Akaondoka.

Wiki tatu baadaye kitabu kikashushwa tena. Hakikuwa kimechanika. Dada wa dirishani, yule anayeazimisha, alikileta kwa mkono. "Mama, kuna mtu kaandika ndani. Tafadhali yafute."

Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na maneno ya penseli, mwandiko mdogo ulionyooka: *Haiwezekani. Usiku kengele ilipoibwa, mlinzi alikuwa hospitali, mguu umevunjika. Soma sura ya nne.*

Nilipoingia na birika nikamkuta amesimama, kitabu kakishika mbali na uso kama kimemtukana.

"Dada, kuna nini?"

"Kuna mtoto ananiambia nisome."

"Si usome basi."

"Unajua mimi niko hapa tangu lini? Kabla mama yake hajaolewa."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi gani?"

"Yuko hospitali au hayuko?"

Aliketi. Akafungua sura ya nne. Kurasa zake zilikuwa safi, hakuna mtoto aliyewahi kuzichana, na kwa hiyo yeye hakuwahi kuzitazama. Mlinzi alikuwa hospitali kweli, kalala na mguu juu, anaomba maji.

Kitu kingine alikiona kwenye kadi ya kitabu. Aliyeazima mara ya mwisho alikuwa namba mia sita na kumi na mbili. Akaikariri. Miaka yote hiyo vitabu vilikwenda na kurudi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kuhusu kazi yake, si zuri, si baya. Vilirudi vimechanika tu. Sasa kuna mtu amesoma alichoandika yeye, tena kwa makini, akajibu. Hakukiri hivyo kwa mdomo. Lakini maandishi yale hakuyafuta. Alikata kurasa zake nane, akazitia kwenye mtoto wa meza, akaanza kuandika mwisho mwingine.

Ukaidi wake mmeuona? Aliambiwa sura ya nne, akasoma sura ya nne. Nyingine hakuambiwa. Mwisho wa pili ukamtia hatiani msimamizi wa stesheni, aliyeibeba kengele peke yake akaizika bustanini.

Namba mia sita na kumi na mbili akaazima tena. Kitabu kikashuka na penseli: *Afadhali. Lakini msimamizi ana mkono mmoja, sura ya kwanza. Kengele inabebwa na watu wawili wenye mikono yote. Kitabu kina sura kumi na mbili.*

Nilicheka mpaka nikaweka birika chini. Yeye hakucheka.

"Ananidhihaki," alisema.

"Anakuelekeza."

"Chai yako imepoa, ondoka nayo."

Jumapili hiyo alikichukua kitabu hadi kwake. Aliondoa mkoba kwenye kiti cha pili, akanyoosha miguu juu yake, akaanza ukurasa wa kwanza. Redio hakuifungua. Alisoma tangu asubuhi mpaka jua likahamia ukuta wa pili, kidole kikifuata mistari. Na humo akakutana na Binti Kachero ambaye hakuwahi kumwona. Kumbe alikuwa anakula. Kumbe alikuwa anagombana na shangazi kwa ajili ya soksi. Kumbe sura ya saba nzima hakuna kinachotisha, msichana amekaa kwenye benchi la stesheni analia tu, kwa sababu rafiki yake amehama na treni ya asubuhi.

Na kulikuwa na mtu mwingine, mpiga picha. Alikuwa na kibanda karibu na reli na mkokoteni wa kubebea vifaa vyake. Kila sura alikuwemo, anasalimia, anapisha watu, anaulizwa saa. Hakuna ukurasa wake hata mmoja uliochanika. Mama Gundi alikuwa amekishona kitabu kile mara nne na hakujua kama mtu huyo yupo.

Mwisho wa tatu ulikuwa wa mpiga picha. Aliiteremsha kengele kwa kamba, akaipakia kwenye mkokoteni, akaifunika kwa kitambaa chake cheusi. Mikono miwili, magurudumu mawili. Kitabu kikapanda juu. Mama Gundi akaanza kunywa chai karibu na mlango, masikio yako ngazini.

Siku kumi na nne hivi, kikashuka. *Ndiyo. Ni yeye. Lakini kwa nini?*

Hapo ndipo palipomkwamisha. Kutafuta mwizi ni kupanga kurasa, na hiyo ilikuwa kazi yake. Kwa nini ni jambo jingine. Wiki nzima alikuwa akiniuliza mimi.

"Mtu anaiba kengele ya nini?"

"Auze shaba."

"Sura ya kumi inasema haikutoka pale mjini. Hakuiuza."

"Labda hampendi msimamizi."

"Anampenda. Anampiga picha bure."

"Basi kachoka na kelele."

Akaacha kupaka gundi. Brashi ikabaki hewani, inachuruzika kwenye gazeti. "Kelele gani?" akauliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi.

Kurasa nane zile alizifanya kwa mwezi mzima. Mimi nimezisoma mara nyingi kuliko barua yoyote, na sehemu yenyewe inasema hivi. Binti Kachero anamkuta mpiga picha amekaa kitandani, kengele iko chini ya kitanda. Anamuuliza kwa nini. Mpiga picha anasema: *Kila ilipolia, watu walikimbia ukumbini, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumpokea. Mimi niliwapiga picha wakikumbatiana. Miaka ishirini niligeuza kichwa kila ilipolia, na nilijua hakuna anayekuja kwangu, na kichwa kiligeuka tu. Nikaona afadhali isilie.* Binti Kachero hamkamati. Anakaa naye mpaka chai inapoa, halafu wanairudisha kengele kwa mkokoteni, yeye anasukuma, mpiga picha anavuta.

Hakuwa amewahi kunionyesha kazi kabla haijapanda juu. Hiyo alinionyesha. Nilisoma kwa kuburura, neno kwa neno, yeye akitazama viatu dirishani. Nilipomaliza nikasema, "Inatosha." Akasema, "Wewe siye uliyeuliza."

Basi akangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaanza kupanda kwenye chumba cha watoto kila asubuhi, eti kukagua rafu. Namba kumi na saba ilikuwa palepale, imebanwa kati ya kumi na sita na kumi na nane. Kadi haikuwa na muhuri mpya. Mwishowe akajikaza akamwendea dada wa dirishani.

"Mwanangu, yule mia sita na kumi na mbili kahama?"

"Hajahama, mama. Katimiza miaka kumi na mitatu. Nimempa kadi ya bluu."

Mama Gundi alijua maana yake. Kadi ya bluu ni ya ghorofa ya juu. Ukishaipata, vitabu vya watoto huazimi tena, ndiyo sheria.

"Huja Jumamosi mchana," dada akaendelea. "Huvaa miwani. Hukaa meza ya karibu na dirisha. Kwani kaharibu kitu?"

"Hajaharibu."

Ile ngazi ya juu Mama Gundi alikuwa hajaipanda miaka sijui mingapi, magoti yalikuwa hayataki. Jumamosi hiyo aliipanda. Alikuwa ameosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, gundi yote imetoka, na kitabu kimefungwa kwenye karatasi safi. Mimi nilijitia napangusa kingo za ngazi, nikafuata nyuma.

Msichana alikuwepo, mrefu mrefu, mabega ameyakunja, na kitabu kinene mbele yake. Kulikuwa na wenzake wawili mezani.

"Shikamoo, bibi," alisema alipoona mtu amesimama.

"Marahaba. Wewe ndiye ulikuwa mia sita na kumi na mbili."

"Ndiyo. Sasa nina ya bluu."

Mama Gundi akafungua karatasi, akaweka kitabu mezani. "Hiki hukukirudia."

Mmoja wa wale wenzake akachungulia mgongo wa kitabu. "We, bado unasoma Binti Kachero?"

"Nilisoma zamani," msichana akasema. Zamani yenyewe ilikuwa miezi miwili.

"Alikuwa anaenda naye mpaka msalani," yule mwingine akasema, wakaangua kicheko cha kuziba midomo.

Msichana aliona haya. Lakini mkono ukaenda. Hakukifungua mbele, alikifungua nyuma. Alisoma akiwa ameinama, miwani imeteleza puani, na wenzake wakachoka kungoja. Mama Gundi alitazama vidole. Ndiyo tabia yake, mtu akisoma yeye anatazama vidole. Havikubana karatasi, havikufunua kwa pupa. Vilikuwa vimetulia tu.

Kurasa nane haziishi kwa mara moja. Tulisimama. Msichana alipofika mwisho alikaa kidogo na ukurasa wazi. Halafu akafunga kitabu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Asante, bibi."

Akavuta kile kinene chake. Wenzake wakaanza tena habari zao.

Mama Gundi aliniambia baadaye kwamba neno alikuwa nalo mdomoni. Alitaka kuuliza, je, inatosha? Neno moja tu. Lakini angeuliza, ingebidi aseme kwamba ni yeye aliyeandika, kwamba aliandika mara nne, kwamba alisoma sura kumi na mbili kwa sababu ya mtoto. Mbele ya wale wanaocheka. Hakuweza. Angekuwa mtu mwingine angeweza. Yeye alikifunga kitabu kwenye karatasi yake, akashuka ngazi moja moja, mkono ukutani.

Nikamfuata chini. Nikamwambia, "Si amesoma?"

"Amesoma."

"Na ameshukuru."

"Asante unamwambia hata anayekupisha mlangoni," akasema. Akaketi kwenye kigoda chake, akavuta kapu.

Alifanya kazi miaka miwili zaidi mpaka akastaafu. Katika miaka hiyo kila kitabu kilichoshuka alikifungua kwanza nyuma, akatazama chini ya mstari wa mwisho. Alikuta madoa ya chai na vinyago vya kuchora. Penseli ile haikuandika tena. Nilimwambia mara moja tu tena aje Jumapili, akasema ataona, na safari hiyo alikuja. Alikaa saa moja, akaweka mkoba miguuni, akasema kiti changu kimelegea gundi. Hakuja mara ya pili. Alifariki mwaka juzi, na mwanawe alifika siku tatu baada ya mazishi.

Mkuu mpya alipoingia, vitabu vyote vya Binti Kachero vikapigwa muhuri. Namba kumi na saba niliitoa guniani kwa mkono wangu, na anayetaka kunishtaki anishtaki. Nimekiweka ndani ya daftari hili lenu.

Sasa zamu yenu. Mmetaka niandike, nimeandika, na vidole vimekufa ganzi. Kichukueni hicho kitabu, mkisome sura zote kumi na mbili, si zile kurasa nane za nyuma tu. Halafu chukueni penseli, si kalamu, muandike chini ya mstari wa mwisho: sababu ya mpiga picha inatosha, au haitoshi. Wekeni na jina. Na kama katika nyinyi mnaosoma yumo aliyekuwa mia sita na kumi na mbili, wewe mama uanze, halafu ukilete nyumbani kwangu mwenyewe, nione.